Picha Niliyoikata Katikati

Kabula,

Uko chumba cha pili, ukuta mmoja tu unatutenganisha, na bado nakuandikia kama mtu aliye ng'ambo. Nimekusikia ukifunga begi, ukalifungua, ukalifunga tena. Hilo umelirithi kwangu. Mimi tangu nikae hapa nimeshainuka mara nne: kuangalia kamba ya sanduku lako, kuangalia mlango, kunywa maji bila kiu, na kuangalia kamba tena.

Mambo ya safari mama yako ameyamaliza. Pesa uiweke wapi, usipokee chakula cha nani kwenye treni, ukifika Dar es Salaam kwa shangazi yako uanze kumwamkia nani. Siongezi hata moja. Mimi nina jambo langu, nalo ni la karanga.

Najua umeingia chumbani umekasirika. Mama yako amechinja kuku, majirani wamekuja kukuaga, kiti changu kikakaa kitupu mpaka wakaondoka. Niliporudi ukaniambia shikamoo ukiwa umeshageuka. Nikaitikia marahaba, nikauitikia mgongo. Nilikuwa Sengerema. Nitakueleza nilichokifuata, ila inabidi nianzie mbali, maana nikianzia Sengerema utaona kama ni habari ndogo.

Unajua nilifanya kazi kwenye kinu cha pamba miaka kumi na sita, upande wa kufunga marobota. Hujui kazi ile ilinifanya mtu wa namna gani. Robota la pamba halipambwi. Linabanwa, linafungwa waya, linaandikwa namba na uzito kwa rangi nyeusi, limekwisha. Mnunuzi halitazami, analipima. Nikafunga marobota mpaka nikaamini kila kitu duniani kinafungwa hivyo: kifungashio kazi yake ni kubeba na kutopasuka. Kisha tukapunguzwa. Barua yangu ilikuwa na mistari mitatu. Kila mstari nimeutumikia miaka mitano na zaidi kidogo.

Tukaingia kwenye karanga. Mama yako alikaanga, mimi nikafunga, na hapo mwanzo tulifungia kwenye karatasi za daftari, tunazungusha pembe tatu, tunakunja mkia. Madaftari yako ya darasa la nne na la tano yote yaliishia hapo. Kuna mwalimu alikula karanga, akarudi kuniambia, "Baba Kabula, binti yako hesabu ya sita kakosea." Tulicheka wote. Sasa hivi nikikumbuka sicheki sana. Sikukuuliza hata mara moja kama madaftari yale ulikuwa umemaliza nayo.

Halafu ikaja ruhusa, kila mwenye uwezo alete bidhaa anayotaka. Wewe unakumbuka maduka yaliyojaa. Mimi nakumbuka yaliyokuwa na chumvi, kiberiti na muuzaji. Ghafla kila wiki pipi mpya: za kusokotwa huku na huku kwa karatasi inayong'aa, chingamu zenye picha za wachezaji ndani, krispi kwenye mifuko iliyovimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta, pakiti ndogo ndogo zilizoungana mkanda mrefu, muuzaji anachana moja moja. Nyekundu, njano, bluu ya kung'aa. Karanga zetu zikiwekwa karibu zilionekana kama mtu aliyekuja harusini na nguo za shamba. Watoto wakaanza kuzipita. Nilichukia. Nilikwambia ni ujinga wa watu kununua karatasi wakatupa chakula.

Wewe hukuchukia. Ulianza kuokota karatasi zile barabarani, huku Mabatini na kule sokoni, unazinyoosha kwa ukucha, unazibandika kwenye daftari na kuandika chini yake. Nilifungua siku moja nikasoma: "Hii ina kijikato pembeni, mtoto anachana bila meno." Nyingine: "Hii picha ni kubwa kuliko pipi mara tano." Nikasema moyoni, mtoto huyu angehesabu mambo ya maana.

Siku nyingine nikaleta pakiti ya krispi nikaipima mbele yako, mfuko mtupu kwanza, kisha vilivyomo.

"Ona wezi hawa," nikasema. "Gramu kumi na mbili kwenye mfuko wa gramu hamsini. Kinuni ukifunga upepo ndani ya robota unafukuzwa siku hiyo hiyo."

"Baba, upepo ndio unaozuia visivunjike."

"Na picha ya sahani iliyojaa hapa mbele?"

Ukaigusa kwa kidole. "Hiyo ndiyo uongo. Upepo siyo uongo, picha ndiyo uongo."

Ulikuwa na miaka kumi na sita. Mimi nilikuwa na arobaini na saba, na jambo hilo sikuwahi kulitenganisha hivyo. Sikukusifu. Nilisema, "Lete maji ya kunawa."

Halafu siku ile ya dukani kwa Mama Neema. Nimekuja kununua sabuni nakukuta umechuchumaa mbele ya kaunta, mtu mzima, watu wanapita.

"Umeangusha nini?"

"Sijaangusha kitu. Naangalia duka kwa urefu wa mnunuzi."

Mama Neema akatoa kichwa kwenye nondo. "Baba Kabula, huyu ameanza kutambaa upya. Mwaka kesho tutamtafutia nepi."

Nikakuvuta mkono. Njiani ukanieleza kwamba mtoto wa miaka sita haioni rafu ya juu. Anaona ubao wa kaunta, na akiinua macho anaona kile kinachoning'inia kwenye nondo. Na kinachoning'inia hakitulii, ukasema. Upepo ukipita kinageuka, unaona mbele, unaona nyuma, mbele, nyuma. Nikakwambia tembea.

Sasa sikia ambacho sikukwambia. Wiki iliyofuata nilirudi kwa Mama Neema siku tatu, nikakaa kwenye kreti la soda nikahesabu. Watoto arobaini na watatu. Thelathini na mmoja walinyoosha kidole juu, kwenye nondo. Wanane walitaja pipi kwa jina. Wanne walitumwa chumvi. Ulikuwa sahihi, na mimi nilikuwa na hesabu mkononi ya kukuonyesha kwamba uko sahihi, nikaikunja nikaiweka mfukoni. Nilichofanya nilikuja kukuagiza kama bosi: "Basi chora hiyo karatasi yako tuone."

Ukachora. Wakati huo karanga tulishaanza kuzipaka sukari na kuzitia kwenye vifuko vya nailoni, tunakunja mdomo juu ya bapa la msumeno na kupitisha mwali wa mshumaa ukutane. Karatasi yako ilikuwa ya kukunjwa katikati na kuvalishwa juu ya mdomo wa kifuko kama kofia, pini mbili, na kitanzi cha uzi. Upande mmoja ulichora mkono wa mtu mzima unarusha karanga. Upande wa pili mtoto ameinua uso, mdomo wazi. Kifuko kikining'inia na kugeuka, mkono unarusha, mdomo unadaka. Chini ya mkono uliandika Karanga za Baba Kabula, Mabatini, Mwanza, na uzito wa kweli, gramu arobaini. Na chini ya mdomo uliacha nailoni wazi, kwamba anayenunua azione karanga zenyewe.

Nilikitazama kitu kile muda mrefu. Wewe ulidhani natafuta kosa. Nilikuwa nautazama mkono. Una kovu la waya kwenye kidole gumba, kama langu.

Fundi wa chapa akatuchapia vipande elfu moja kwa wino mwekundu. Akiba yetu yote iliingia hapo. Wewe ukaenda kijijini kwa bibi yako siku nne. Na mimi nikabaki peke yangu na vipande elfu moja na hesabu yangu. Kipande kimoja kinakunjwa kinakuwa na pande mbili. Kikikatwa ni vipande viwili. Elfu inakuwa elfu mbili. Mtu aliyehesabu marobota miaka kumi na sita, hesabu kama hiyo haimpiti. Nikachukua mkasi, nikakaa uani, nikakata. Nilikata siku mbili. Kidole kilitoka lengelenge, na nilijiona mtu mwenye akili kuliko wote Nyamagana.

Uliporudi ukasimama mbele ya yale marundo mawili, mikono upande huu, midomo upande ule. Hukupiga kelele.

"Baba, hizi hazikunjiki tena. Utaziweka wapi?"

"Ndani ya kifuko."

"Wino huu fundi kauchanganya na mafuta ya taa, mwenyewe alisema. Usiguse sukari."

"Umekauka. Gusa."

"Umekauka kwenye mkono. Sukari ya moto siyo mkono."

Nikakwambia: "Wewe chora. Kufunga niachie mimi, nimefunga tangu hujazaliwa."

Tukafunga. Nilikuwa na haraka ya kivuko, karanga zikaingia kwenye vifuko zikiwa bado na joto, vikatoa jasho kwa ndani. Katoni kumi kwenda Sengerema kwa Mzee Abdalla, ambaye amekuwa dukani pale tangu mimi navaa kaptula. Nusu ya pakiti zilikuwa na mkono usio na mtoto, nusu zilikuwa na mtoto anayesubiri karanga isiyorushwa na mtu. Na nusu hiyo ya pili haikuwa hata na jina.

Wiki mbili baadaye akatuita. Nilikuchukua unisaidie kubeba. Kumbuka dukani palikuwa na watu sita, niliwahesabu, ndiyo tabia yangu nikiwa na hofu. Akachana pakiti mbele yao.

"Onja, Baba Kabula."

Nikaonja.

"Unasikia nini?"

"Karanga."

"Mimi nasikia chemli. Wateja wangu wananiuliza, hizi tule au tuwashe?"

Wakacheka wote sita. Kicheko kile kilinikuta mahali ambapo ile barua ya mistari mitatu ilikuwa bado haijapona, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nilisema: "Ni huyu binti, Mzee. Mambo yake ya kuchora chora. Nilimwachia apange mwenyewe, ndiyo haya."

Mzee Abdalla akakutazama wewe, akanitazama mimi. Akasema, "Haya." Uliinama ukaanza kufunga katoni kwa kamba, mafundo yako yale yale niliyokufundisha mimi.

Kwenye kivuko ulisimama upande wa pili wa malori. Nusu saa ya maji. Ningeweza kuzunguka lori moja tu nikakufikia. Nilibaki nahesabu magurudumu.

Wiki ile nilimkuta mama yako anawasha mkaa kwa daftari lako la makaratasi ya pipi, kurasa mbili mbili. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kanipa mwenyewe. Kasema halina kazi." Nikasimama pale nikatazama karatasi za kung'aa zinavyojikunja kwenye moto, kijani, bluu.

Hiyo ni miaka miwili sasa. Karanga zetu zimerudi kwenye nailoni tupu, zinauzika kwa shida, na wewe umezifunga nami kila siku bila kunikosea adabu, jambo ambalo lilikuwa gumu kwangu kuliko kama ungenitukana. Mwaka huu nimeona sokoni pakiti za watu wengine zimevalishwa karatasi ya kukunjwa, pini mbili, zinaning'inia. Kila duka. Nilikuwa nacho kitu hicho ndani ya nyumba kabla yao, na nilikikata kwa mkono wangu.

Halafu ukaandika barua kwa wale wenye mtambo wa chapa Dar, wanaochapa mifuko ya biskuti na pipi, ukawapelekea michoro, wakakukubali, na mimi nikasikia kwa mama yako. Nilinuna siku tano. Nilisema baba mtu huulizwa. Mama yako akaniuliza, "Akuulize wewe nini, Masanja? Kwamba mchoro ni mzuri?" Nikatoka nje.

Nimeinuka tena kidogo. Kamba iko sawa.

Huko unakokwenda utawakuta watu kama mimi, Kabula. Hawatakuwa wabaya. Watakuwa na mkasi na hesabu nzuri. Watasema, tukipunguza hapa sentimita mbili tunapata pakiti nyingi zaidi, tukiongeza sahani iliyojaa kwenye picha zitauzika upesi. Ikiharibika watamtafuta aliyechora. Kila unachokichora baki na nakala yake nzima, na pembeni andika kwa mkono wako kikunjwe wapi na kisiguse nini. Siku watakapokutwika kosa lao mbele ya wateja, usiiname kufunga katoni. Uliinama kwa heshima yangu, najua. Heshima ile niliitumia vibaya, na sitaki mwingine aikute imeshazoea.

Sasa nije kwenye leo. Tangu juzi nilikuwa najipanga. Nilitafuta maneno, nikayapunguza, nikayapunguza, yakabaki sita. Asubuhi nikavuka. Dukani kwa Mzee Abdalla palikuwa na wateja watatu, mmoja anataka kuondoka nikamwomba asubiri. Nikasema: "Nilikata karatasi mimi. Mwanangu alinionya. Nilimsingizia."

Mzee Abdalla alikuwa anapima sukari. Hakuacha kupima.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mzee."

"Nilijua siku ile ile."

"Ulijuaje?"

"Mlipoondoka nilikuta pakiti mbili zimebaki chini ya kaunta. Moja ina mkono, moja ina mdomo. Nikaziweka pamoja hivi, nikazigeuza. Mtu aliyechora mkono na mdomo vitafutane, hawezi kuvitia kwenye pakiti mbili. Huyo ni mtu mwingine, na mkasi."

Wale wateja hawakucheka. Ningependelea wangecheka.

"Sasa hayo umeniletea mimi ya nini?" akasema. "Mimi katoni zangu ulizichukua, fedha yangu ukanirudishia. Binti yako umemrudishia nini?"

Nikamwambia unaondoka kesho.

"Basi umepotea njia, Baba Kabula. Umevuka maji na mwenye haki umemwacha nyumbani anafunga begi."

Nikakimbilia kivuko. Malori yalikuwa yamepanga foleni, kivuko kimoja kikajaa, cha pili kikajaa, mimi natembea ukingoni huku na huku mpaka mkata tiketi akaniambia, "Mzee, kaa chini, unatuchosha sisi." Ndivyo kiti changu kilivyokaa kitupu. Nilipofika mlangoni ukanipa mgongo, na yale maneno sita yakarudi tumboni. Kwa wageni niliyasema. Kwako nikaitikia marahaba.

Kesho nitakusindikiza stesheni na nitajaribu kuyasema kwa mdomo, kabla treni haijaondoka, mama yako akisikia. Barua hii nitakuwa nimeshaitia begini. Kama unaisoma ndani ya behewa na hukuyasikia kutoka kwangu, basi nimeshindwa tena, na haya ndiyo yanayonisemea: nilikata karatasi mimi, ulinionya, nilikusingizia. Huna deni la kunijibu.

Umeikuta barua imevalishwa karatasi ya kukunjwa katikati, pini mbili na kitanzi cha uzi. Ni ile ya mfano, aliyonipa fundi mkononi kabla hajachapa zile elfu. Ilikuwa ndani ya bahasha ya cheti changu cha kazi miaka yote hii, na ndiyo pekee ambayo sikuikata. Itundike kwenye dirisha la behewa. Ukifika niandikie kama ilikuwa inageuka.

Mimi baba yako,
mwenye ule mkono.